Mama Aliyewekwa Rehani Mara Tatu

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Pakawa ngome nne, mabwana wanne, na mama mmoja wa kuwatosha wote.

Basi sogeeni. Mwenye kikohozi akohoe sasa, maana nikianza sisimami.

Hapo zamani za kale, mbali kabisa upande wa jua linakotokea, katika nchi ya Japani, kulikuwa na mabwana wa vita. Kila bwana alikuwa na ngome yake, kila ngome ilikuwa na wapanda farasi, na kila mpanda farasi alikuwa na panga mbili: upanga mrefu wa kumkata adui, na upanga mfupi wa kujikata mwenyewe mambo yakiharibika. Mambo yaliharibika mara nyingi.

Mabwana hao wakitaka kupatana, desturi ilikuwa hii. Kwanza, hupelekwa mtu kwenye hekalu la kunguru kuchukua karatasi iliyochorwa kunguru. Bwana huandika kiapo chake juu ya karatasi ile, akaichoma, akakoroga majivu katika maji, akanywa. Siku akivunja kiapo, kunguru mmoja huanguka kutoka juu ya paa la hekalu, akafa papo hapo. Mvunja kiapo naye alitakiwa atapike damu, lakini hilo lilikuwa likichelewa. Kifo cha kunguru hakikuchelewa hata siku moja.

Pili, waliwekeana rehani. Bwana humtuma mtu wa damu yake akakae kwa mwenzake: mke, au binti, au ndugu, au mama. Huyo aliyewekwa rehani hupewa chumba kizuri, hupewa chai, huheshimiwa. Siku kiapo kikivunjwa, hukatwa kichwa. Kila mtu aliijua desturi hiyo, hata yule anayekunywa chai.

Sasa, katika bonde la mpunga, katikati ya wote, aliishi Bwana Haruzane. Alikuwa kijana mzuri wa sura, hodari wa farasi, na ulimi wake ulikuwa na asali. Mke hakuwa naye, kwa sababu alikuwa bado anachagua. Watoto hakuwa nao. Ndugu zake alikwisha gombana nao, na mazishi yao yalikwisha pita. Alikuwa na mama tu, jina lake Bi Sayo.

Nani anauliza baba yake? Baba yake alikufa. Katika hadithi hii akina baba wote wamekufa mapema, ndiyo maana hadithi inakwenda haraka.

Siku moja Haruzane akamwendea mama yake, akapiga magoti vizuri, akasema, "Mama, nimepatana na Kunishige, Bwana wa Mto. Utakwenda kukaa kwake."

"Hadi lini, mwanangu?"

"Hadi amani ikomae."

"Na ukivunja kiapo?"

"Mama! Mimi?"

Bi Sayo akamtazama mwanawe, akamwona bado yule mtoto aliyekuwa akilala na kidole mdomoni. Akamwamini. Akafunga mzigo wake, akapanda machela, wabebaji wakambeba hadi Mtoni.

Bwana Kunishige alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye adabu za kupita kiasi. Kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, Bi Mkubwa," naye akajibu, "Marahaba, mwanangu." Ikapita miezi mitatu. Siku moja asubuhi Bi Sayo alikuwa barazani anamenya maharagwe, mara kunguru mmoja mzee akatua mbele yake. Manyoya yake yalikuwa yamepauka shingoni. Akaimba:

*Sayo, Sayo, inuka,*
*mwanao kageuka,*
*kiapo kimevunjika,*
*wangu kaanguka.*

"Wako nani?" Bi Sayo akauliza.

"Mwanangu," akasema kunguru. "Zamani paa letu lilikuwa jeusi kwa wingi wetu, hata vigae havikuonekana. Mababu wa mabwana hawa wakaapa, wakavunja, wakaapa, wakavunja. Tulikuwa tumebaki wanne, mimi na wanangu watatu. Mwanao amevuka mto jana na kuchoma maghala ya Kunishige. Nimetoka kuzika mmoja."

Bi Sayo akaona haya, akasema, "Pole, mzee mwenzangu." Kunguru akasema, "Na wewe pole ya mapema," akaruka.

Kweli, saa ile ile wakaja kumchukua. Mkeka ukatandikwa uani, Bi Sayo akavikwa nguo nyeupe, akaketishwa. Bwana Kunishige mwenyewe akaja na upanga mrefu. "Shikamoo, Bi Mkubwa," akasema. "Marahaba," akajibu Bi Sayo. Upanga ukapanda juu.

Mara mjumbe akaingia mbio, matope hadi kiunoni. "Bwana! Yoritsuna, Bwana wa Mlima, ameteremka! Ameshika kivuko!"

Kunishige akasimama na upanga hewani, akapiga hesabu ya marafiki aliobaki nao, akakuta hana. Mwenye askari wa karibu alikuwa Haruzane. Akaurudisha upanga alani. "Bi Mkubwa, inuka, utachafuka magoti. Rudi kwa mwanao, mwambie tumepatana upya." Akampa na kisanduku cha keki za mchele.

Bi Sayo akafika nyumbani, Haruzane akampokea kwa furaha kubwa. "Mama! Umerudi! Afadhali, maana nilikuwa nakosa mtu wa kumtuma Mlimani."

"Mlimani? Mbona Kunishige amenirudisha ili mpatane ninyi wawili?"

"Nimeona barua yake. Ameandika vizuri sana. Lakini mimi nimekwisha patana na Yoritsuna."

"Na ukivunja?"

"Mama! Mimi?"

Safari hii Bi Sayo alimwamini nusu. Nusu nyingine akaifunga ndani ya mzigo, akapanda machela. Alikuwa amelala nyumbani kwake siku tatu tu.

Bwana Yoritsuna wa Mlimani alikuwa mnene, mcheshi, mpenda chakula. Ngome yake ilikuwa kwenye theluji, na theluji, kwa ninyi msioijua, ni mvua iliyochoka njiani. Alimkaribisha Bi Sayo kwa blanketi mbili. Mwezi mmoja ukapita, wa pili ukaingia. Siku moja adhuhuri kunguru akatua dirishani, akaimba:

*Sayo, Sayo, inuka,*
*mwanao kageuka,*
*kiapo kimevunjika,*
*wangu kaanguka.*

"Wa pili?"

"Wa pili. Alikuwa ndiyo kwanza ameota manyoya ya mkia."

Haruzane alikuwa amekula njama na Mitsufusa, Bwana wa Pwani, na sasa alikuwa chini ya mlima na farasi mia nne. Yoritsuna akampandisha Bi Sayo juu ya ukuta, mahali pa kuonekana, akapiga kelele, "Haruzane! Mama yako huyu hapa!"

Haruzane akasimama juu ya farasi, akaitika kwa sauti nzuri iliyofika hadi juu: "Mama wa shujaa anajua kufa! Nitamjengea mnara wa mawe!"

Bi Sayo akasikia kila neno. Yoritsuna akamtazama, akainama, akaanza kuchezea mkanda wake.

"Huyu," akauliza pole pole, "ulimnyonyesha mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Loo." Yoritsuna akakuna kichwa. "Mimi nami si malaika, Bi Mkubwa. Dada yangu nilimweka rehani, na kiapo nikavunja. Lakini niliandika barua ya kuomba radhi." Akafikiri. "Tutakukata baada ya chai. Baridi hii, mtu hawezi kufa tumbo likiwa tupu."

Chai ikamiminwa. Bi Sayo hakulia kwa ajili ya shingo yake; alilia kwa sababu ya ule mnara. Kabla kikombe hakijaisha, tarumbeta ya wajumbe ikalia langoni. Mjumbe wa Haruzane akaingia na bendera nyeupe. "Bwana wangu anasema: nirudishie mama yangu, nami nitaondoa jeshi langu lote mlimani."

Moyo wa Bi Sayo ukaruka. Jeshi zima! Wapanda farasi mia nne kwa ajili yake! Akamgeukia Yoritsuna, machozi bado mashavuni, akasema, "Umesikia? Nilijua. Mwana ni mwana." Akateremka mlima anatabasamu peke yake ndani ya machela, na njia nzima alikuwa anafikiri amkaange samaki gani.

Chini ya mlima Haruzane akamshika mikono yote miwili. "Mama, nashukuru Mungu umetoka! Mitsufusa amekataa kiapo changu bila rehani. Amesema anakutaka wewe."

Bi Sayo akaivuta mikono yake.

"Huulizi kama nitavunja?"

"Jiulize mwenyewe, ujijibu."

"Mama! Mimi?" akasema Haruzane, kwa mazoea.

Safari hii hakumwamini hata kidogo, wala hakufungua mzigo, kwa hiyo hakukuwa na haja ya kuufunga. Nyumbani hakufika hata kunawa uso. Wabebaji wa machela walikuwa wale wale. Walikwisha mzoea, wakawa wanamwita Mama Safari.

Bwana Mitsufusa wa Pwani hakuwa mwenye adabu wala mcheshi. Alikuwa mtu wa kusoma kila barua mara mbili na kucheka mara moja kwa mwaka. Alimwonyesha Bi Sayo chumba chake, akamwonyesha dirisha, akamwonyesha upanga. "Mimi si kama wale wawili," akasema. "Mimi sisahau." Bi Sayo akaamini.

Siku ya arobaini, kunguru akaja. Alishindwa kutua vizuri, akaangukia ubavu. Akaimba, sauti imekauka:

*Sayo, Sayo, inuka,*
*mwanao kageuka,*
*kiapo kimevunjika,*
*wangu kaanguka.*

"Sina mwingine," akasema. "Paa ni langu peke yangu. Bi Sayo, wewe ni mzazi, hebu nieleze. Anakula viapo, wanakufa wanangu. Anavunja ahadi, shingo inayotafutwa ni yako. Yeye mwenyewe inamuuma wapi?"

Bi Sayo akatafuta jibu, akalikosa. Ndugu zangu, alitafuta kwa miaka yote tangu siku ya kumzaa, na hakupata hata sehemu moja ndogo inayomuuma. Akasimama, akajifuta machozi, akaenda kwa Mitsufusa kabla hajaitwa.

"Bwana," akasema, "mwanangu amevunja kiapo. Habari utaipata jioni. Desturi inasema unikate. Lakini nikuulize: ukinikata, nani ataumia?"

Mitsufusa akafikiri. "Haruzane."

"Fikiri mara ya pili."

Mitsufusa akafikiri mara ya pili, kama alivyozoea kwa barua. "Hakuna," akasema.

"Basi nisikilize. Mimi ndiye mtu peke yake katika nchi hii niliyekula katika ngome zote nne. Kunishige anadhani wewe ndiye uliyemchochea mwanangu achome maghala yake. Yoritsuna anadhani ni Kunishige. Wewe unadhani ni Yoritsuna. Barua tatu za uchongezi mlizopata ziliandikwa chumba kimoja, kwa mkono mmoja wa mwanangu, na wino niliusaga mimi zile siku tatu nilizolala nyumbani. Waite."

Wakaitwa, wakaja, na jambo la kwanza wakagombana siku nne juu ya nani akae wapi. Kunishige hakutaka kukaa chini ya Yoritsuna, Yoritsuna hakutaka kukaa kushoto kwa Mitsufusa, Mitsufusa hakutaka kuupa mlango mgongo. Siku ya nne Bi Sayo akaweka chungu cha supu katikati ya ukumbi. "Chungu hakina mbele wala nyuma," akasema. "Kaeni, mle." Yoritsuna akakaa wa kwanza. Kabla supu haijaisha walikwisha ambiana yote, na bonde la mpunga likazungukwa na bendera tatu.

Haruzane alipoziona kutoka juu ya ukuta wake hakuogopa. Akaandika barua tatu, moja kwa kila bwana: *Rafiki yangu wa kweli, tuungane tuwapige hawa wawili.* Mabwana wakazisoma kwa sauti, wamekizunguka kile chungu cha supu, walichokuja nacho. Maneno yalikuwa yale yale hadi nukta ya mwisho. Siku hiyo Mitsufusa alicheka, ikawa ndiyo ya mwaka ule.

Siku ya tisa mchele ukaisha ndani ya ngome, Haruzane akatoka bila upanga, akapiga magoti vizuri.

"Mabwana zangu, nimekosa. Leteni karatasi ya kunguru, niape. Na rehani nitawapa tena, mtu wa damu yangu mwenyewe." Akageuka nyuma kumtafuta. "Mama yuko wapi?"

"Niko huku," akasema Bi Sayo, kutoka penye chungu.

Mabwana wakatazamana. Kunishige akasema, "Karatasi yako haina kunguru tena, bwana mdogo, na mama yako tulikwisha wekewa sote watatu. Nyama ile imeiva kila jiko. Una kitu gani kingine?"

Haruzane akafikiri. Alikuwa na farasi wazuri, lakini farasi si damu. Alikuwa na ngome, lakini ilikwisha zungukwa.

Hapo Bi Sayo akasimama. "Anacho kitu kimoja anachokipenda kuliko vyote," akasema. "Mchukueni yeye. Mimi nitashika ngome ya bonde, mimi nitaapa, na mwanangu atakuwa rehani yangu."

Kunguru mzee alikuwa juu ya nguzo ya bendera. Akateremka hadi begani kwake. "Kwa karatasi yenye sura yangu?"

"Ukikubali."

"Mimi ni mzee," akasema kunguru, "lakini jua la asubuhi bado nalipenda. Andika."

Bi Sayo akaandika, akachoma, akakoroga, akanywa. Haruzane alikuwa akimtazama, na uso wake mzuri ukabadilika rangi mara tatu.

"Mama," akasema. "Na ukivunja?"

"Watakukata kichwa," akasema Bi Sayo. "Ndiyo desturi, mwanangu. Mimi nilielezwa mara tatu." Akamfunga mkanda wa joho vizuri, kwa sababu pwani kuna upepo, machozi yakimtoka, akamsindikiza hadi kwenye machela.

Wabebaji walikuwa wale wale. Wakamwona aliyepanda, wakatazamana, wakabeba.

Basi Haruzane akakaa kwa Mitsufusa. Alipewa chumba, alipewa dirisha, alionyeshwa upanga. Chai ilikuwa nzuri, ila haikushuka. Mlio wa kwato za farasi ukisikika barabarani, anasimama. Mjumbe akibisha, anashika shingo. Ndege mweusi akipita, anamwaga kikombe. Yeye aliyekuwa akivunja viapo kwa mkono mmoja huku wa pili akila wali, sasa alikuwa kila siku anapiga hesabu: mama yangu ameamkaje leo? Amekasirika? Ananikumbuka kwa lipi?

Na huku bondeni, mambo hayakuwa rahisi. Mwaka wa kwanza makamanda wakaja kwa Bi Sayo na ramani. "Bi Mkubwa, Kunishige anaumwa, kivuko hakina mlinzi. Usiku mmoja tu, mto wote ni wetu." Bi Sayo akaitazama ramani, akasema, "Hapana."

Mwaka wa pili wakaja tena. "Bi Mkubwa, ardhi imetetemeka, ukuta wa Yoritsuna umeanguka. Siku mbili tu, mlima wote ni wetu." Bi Sayo akaitazama ramani muda mrefu zaidi, kwa sababu mwaka ule mpunga wake ulikuwa haba na watu wake walikuwa na njaa. Akasema, "Hapana. Pelekeni mafundi wakamsaidie kujenga." Yoritsuna akarudisha mafundi pamoja na magunia ya mtama.

Mwaka wa tatu wakaja. "Bi Mkubwa, Mitsufusa amekwenda kuhiji na walinzi wake wote. Usiku huu tu, pwani yote ni yetu, na ukishika pwani nchi zote nne ni zako. Tunajua kijana yuko kule, lakini, Bi Mkubwa, kwa heshima, yule kijana..." Hawakumaliza, na hawakuwa na haja ya kumaliza. Bi Sayo akaikunja ramani, akaitia motoni, akawaambia atakayeleta nyingine ataifuata humo humo.

Miaka saba ikapita hivyo bila vita. Watu wakazoea, wakaanza kugombana mambo ya mifereji. Mitsufusa akakifikiri kile kiapo mara mbili, akasema, "Rehani hii imekomaa," akamfungulia Haruzane mlango.

Haruzane akafika nyumbani kwa miguu, nywele zimeanza mvi. Akamkuta mama yake barazani, amekuwa mdogo kwa uzee. Hakusema maneno ya asali. Akakaa chini, akauliza swali lililomnyima usingizi miaka saba.

"Mama, nimesikia walikuletea ramani mara tatu. Nchi nzima ilikuwa mkononi mwako. Na mimi nilikuwa nimekutenda vile. Kitu gani kilikuzuia?"

Bi Sayo akashangaa kwamba jambo lile linahitaji kuulizwa.

"Nilikuwa nikiitazama ramani," akasema, "naiona shingo yako. Mto siuoni, mlima siuoni. Naona shingo yako tu, na pale nyuma ulipokuwa na kovu la tetekuwanga."

Haruzane akainama. Ramani alikwisha tazama nyingi maishani, akachora nyingine mwenyewe kwa wino mzuri, akavuka mto, akapanda mlima, akashuka pwani. Akazikumbuka zote, moja baada ya nyingine, na katika zote hizo hakukuwa na shingo ya mtu. Ndipo alipolia, mtu mzima, hadi majirani wakatoka kutazama. Mama yake hakumbembeleza. Alimwacha alie mpaka alipomaliza.

Funzo lake ni fupi: usipokee ahadi ya mtu mpaka ujue kinachomuuma. Na kama hakuna kinachomuuma, funga mlango, hata akija na mama yake.

Nanyi mnaotaka kujua kama yule kunguru yu hai, sijui. Mimi nilifika hekaluni nikaona paa, nikaona vigae, nikaogopa kuuliza, maana nami nina ahadi moja mbili huko nyuma.

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu. Aliyeipenda aichukue bila kuapa. Asiyeipenda airudishe kwangu, ila aje nayo mwenyewe, asimtume mama yake.